Renda yenye sura ya modeli ya mkono: utumie Blender, SketchUp, Enscape, au urudi kwenye wembe na gundi?

Mteja akionyeshwa picha ya nyumba iliyorendwa, yaani iliyotengenezwa na kompyuta kutoka kwenye mchoro wa vipimo vitatu, hadi inang'aa, gari limeegeshwa mlangoni, bustani imefyekwa na anga lina rangi ya machungwa, swali lake la kwanza litahusu vigae. La pili litahusu geti. Wakati huo wewe mchoraji bado unajiuliza kama ngazi ikae ukumbini au nje. Mchoro huo huo ukiupa sura ya modeli ya kadibodi, mazungumzo yanageuka. Atauliza jua la jioni linaingia chumba gani, bibi atatembea umbali gani usiku kwenda chooni, na maji ya paa yanamwagika kwa jirani au kwake. Maswali haya ndiyo yanayojenga nyumba nzuri, na ndiyo maana naipenda sana aina hii ya renda. Nimeandika ulinganisho huu kwa wanafunzi wa usanifu majengo na kwa ofisi ndogo zinazopima zitumie njia ipi.

Nitatumia jengo moja kote: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko, choo na bafu. Tuseme ina upana wa mita 10 na urefu wa mita 12 bila kuhesabu ua, na mwenye nyumba anataka kuongeza ghorofa moja ya wapangaji. Kwa skeli ya 1:100 modeli yake ni sentimita 10 kwa 12, unaweza kuibeba kiganjani.

## Kwanza jicho liamini

Kuna jambo linalozitangulia programu zote. Watu wengi hudhani modeli inatambulika kwa weupe wake, kwa hiyo wanafuta rangi zote na kubonyeza kitufe cha kurenda. Wanachopata ni jengo kubwa lililopakwa chokaa. Modeli inatambulika kwa sababu kila kitu ndani ya picha kinaonyesha udogo wake: unene wa bodi, ukubwa wa taa, namna lenzi inavyofifisha vitu vya mbali.

Anza na unene. Ukuta wa tofali la inchi 6 ukipigwa lipu pande zote mbili unakaribia sentimita 20. Kwa 1:100 hiyo ni milimita 2, unene wa kadibodi ngumu ya kijivu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchorea. Hapo umepata bure. Lakini slabu ya sentimita 15 ni milimita 1.5, na anayekata modeli kwa mkono hanunui bodi tofauti kwa kila kipande. Angetumia ile ile ya milimita 2. Basi kwenye faili la renda slabu nayo iwe sentimita 20. Paa liwe sentimita 10, yaani karatasi ya milimita 1. Kitu chochote chembamba kuliko hapo kiondoke: vitasa, mabomba, nondo za madirishani, fremu za milango. Bati la mawimbi lina milimita 76 kutoka wimbi moja hadi jingine, ambazo kwa 1:100 ni chini ya milimita moja, na hakuna mkono utakaoyakata. Fundi wa modeli angeweka karatasi tupu au angekwaruza mistari michache kwa ncha ya kisu, na wewe fanya hivyo hivyo.

Kisha kingo. Kompyuta inachora kona kali kupita uwezo wa wembe wowote, na kona ya namna hiyo haishiki mwanga. Ukingo halisi wa kadibodi umelainika kidogo sana, sehemu ya kumi au mbili za milimita, nao hutoa mstari mwembamba wenye mwanga pale bodi inapogeuka. Kwenye jengo la ukubwa halisi hiyo ni sentimita 1 au 2 za kulainisha. Angalia pia namna bodi mbili zinavyokutana kwenye kona ya nyumba. Moja huifunika nyingine, na ubavu wa ile iliyofunika huonekana kama ukanda wa milimita 2 kutoka chini hadi juu. Kama ni fomubodi, ukanda huo unaonyesha povu katikati ya karatasi mbili. Mimi nikipewa picha nikaambiwa ni modeli, macho yangu huenda hapo kwanza. Kwa hiyo usiunganishe kuta nne kuwa boksi moja lisilo na mshono. Jenga kila ukuta kama bodi yake, acha mwanya mdogo sehemu mbili tatu, na kigeuze kipande kimoja au viwili kwa chini ya nusu nyuzi.

Fokasi ndiyo inayosaliti renda nyingi, kwa hiyo nitaieleza kwa hesabu. Weka kamera yenye lenzi ya milimita 50 nusu mita kutoka kwenye modeli, tundu la lenzi likiwa f/8 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo). Sehemu itakayoonekana kali ni kama sentimita 5 tu kutoka mbele kwenda nyuma, ambazo kwa 1:100 ni mita 5 za jengo. Baraza litakuwa kali, na vyumba vya nyuma vitakuwa vimeanza kufifia. Lenzi hiyo hiyo ielekeze kwenye nyumba halisi iliyo mita 50 mbali: kila kitu kuanzia kama mita 9 mbele yako hadi upeo wa macho kitakuwa kali. Macho yetu yanaijua tofauti hii bila kufundishwa. Ukirenda jengo la ukubwa halisi kwa f/8, kompyuta itafuata fizikia kwa uaminifu na kukupa picha ya jengo kubwa.

Marekebisho yako mawili. Unaweza kulipunguza jengo lote mara 100 ndani ya programu, nyumba ya mita 12 iwe ya sentimita 12, kisha ukatumia kamera kama mpiga picha yeyote. Au unaliacha lilivyo na kuigawa namba ya f kwa 100, f/8 iwe f/0.08. Matokeo ni yale yale, ila baadhi ya programu hazikubali namba ndogo kiasi hicho. Napendelea njia ya kwanza kwa sababu mengine yote yanajipanga yenyewe: tekscha, yaani picha ya uso wa nyenzo inayobandikwa juu ya umbo, ikiwa imepigwa kutoka kipande cha kadibodi cha sentimita 30 inabaki sentimita 30, taa ya mezani inabaki na ukubwa wa taa ya mezani, na gundi iliyovuja inabaki tone la gundi.

Ila ukungu usizidi. Wapiga picha wa modeli hufunga lenzi hadi f/16 au f/22 wakitafuta ukali, kwa sababu wanataka jengo lisomeke. Kwa f/16 ile sehemu kali inakuwa kama sentimita 10, karibu nyumba yetu nzima. Picha yenye dirisha moja tu kali huku mengine yote yameyeyuka haifanani na kazi ya mtu anayejali jengo.

Kuhusu mwanga sina mengi. Taa moja kubwa yenye kitambaa cheupe mbele yake iwe ubavuni, na upande wa pili karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga. Taa ya sentimita 60 ni kubwa mara tano kuliko nyumba ya sentimita 12, ndiyo maana vivuli vya studio vina kingo laini. Modeli iliyotolewa nje juani nayo ni picha halali, na wanafunzi wengi hupiga hivyo, lakini chagua saa. Kwa Dar es Salaam jua la saa sita linakaa juu mno na kuta zinakosa kivuli. Mnamo saa tatu na nusu asubuhi, kwa miezi mingi, jua huwa karibu na nyuzi 45 na kivuli kinalingana na kimo cha ukuta.

## Nyenzo tatu, tabia tatu

Chagua nyenzo kabla ya programu, kwa sababu kuna nyenzo ambazo programu fulani haiziwezi vizuri.

Kadibodi ya kijivu au ya kahawia ndiyo inayosamehe zaidi. Rangi yake ya joto inaficha mwanga uliopangwa vibaya, na tekscha zake nzuri zinapatikana bure kwenye maktaba za Poly Haven na ambientCG, zenye leseni ya CC0 inayokuruhusu kuzitumia hata kwa kazi ya kulipwa. Kwa mitaa yetu kadibodi ina faida nyingine: majirani wanaweza kuwa maboksi ya kijivu yasiyo na madirisha, na nyumba yako ikatumia karatasi nyeupe zaidi, jicho likajua mara moja lipi ni jipya. Kadibodi yenye mawimbi ndani, ile ya maboksi ya mizigo, usiitumie kwa kuta za 1:100. Unene wake wa milimita 4 ungekuwa ukuta wa sentimita 40. Kwa ardhi ya mteremko ni nzuri mno: kwa 1:500 kila tabaka linakuwa mita 2 za mwinuko, na mawimbi yale yanayoonekana ubavuni yanaipa picha uhai.

Mbao ya balsa au plaiwudi ya milimita 3 ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo ngumu kuliko zote. Ugumu uko kwenye mishipa ya mbao. Kila kipande lazima mishipa ifuate urefu wake, na vipande viwili vinavyokaa pamoja visiwe na mishipa inayofanana, kwani hakuna mti uliotoa mbao mbili sawa. Tekscha ikipita kutoka ukuta mmoja kwenda wa pili bila kukatika pale konani, picha imeharibika. Ukitaka ionekane imekatwa kwa leza, ubavu wa kila kipande uwe na rangi ya kahawia nyeusi ya kuungua, uso wake ubaki safi.

Nyeupe, iwe fomubodi au plasta, ndiyo rahisi kuitengeneza na ngumu kuaminika. Haina rangi wala mishipa ya kujificha, kwa hiyo makosa yote ya kingo na mwanga yanasimama wazi. Mambo mawili yanaisaidia. Weupe usiwe kamili, maana hata karatasi safi hairudishi mwanga wote. Thamani ya 0.8, ambapo 1 ni weupe kamili, inatosha. Pia iruhusu nuru ipenye kidogo kwenye sehemu nyembamba, hasa paa la karatasi likimulikwa kutoka nyuma.

## Blender

Hii ni programu ya bure ya kuchora na kurenda vipimo vitatu, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na msimbo wake uko wazi tangu 2002. Kwa kazi hii napenda injini yake ya Cycles, inayofuatilia miale ya mwanga, kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja hapa.

Sababu yangu kubwa ni vitu viwili. Cycles ina nodi, yaani kisanduku cha mipangilio unachokiunganisha na vingine, inayolainisha kingo ndani ya materiali yenyewe, bila kugusa umbo. Unaandika kiasi cha kulainisha na kuta zote, slabu zote na ngazi zote zinapata ule mstari wa mwanga konani. Cha pili ni nodi inayotoa namba tofauti ya bahati nasibu kwa kila kipande. Ukiiunganisha na tekscha, ukuta mmoja unakuwa mweusi kidogo, wa pili mweupe kidogo, wa tatu tekscha yake imegeuka, na vyote hivyo kwa materiali moja. Hapo ndipo ile tabia ya kujenga kila ukuta kama bodi yake inapolipa, kwa sababu nodi hiyo inahesabu vipande. Nyumba ya vyumba sita iliyoletwa kama kipande kimoja haitabadilika popote.

Tekscha nayo unaweza kuiwekea mtindo wa boksi, ikajipanga pande zote za bodi bila kufunua umbo lote kwa mkono. Kwa kadibodi unatosha kabisa. Kwa mbao utakulazimu kuvigeuza vipande kimoja kimoja, na kazi hiyo inachukua muda wa kweli.

Upande wa pili wa sarafu: Blender haikutengenezwa kwa ajili ya wasanifu majengo, na mtu aliyezoea SketchUp atapotea kwa wiki za mwanzo. Wengi wanaoipenda, mimi nikiwemo, huchora kwenye programu nyingine na kuleta faili la OBJ huku kwa ajili ya kurenda tu. Jambo la pili ni muda. Laptopu isiyo na kadi ya grafiki ya maana itarenda kwa prosesa, na picha moja ya ukubwa wa A3 inaweza kula saa nzima au zaidi. Kipo kisafishaji cha chembechembe, Open Image Denoise, kinachofanya kazi hata kwenye prosesa na kinaokoa muda mwingi. Usikitegemee kupita kiasi. Ukipunguza sampuli (idadi ya miale kwa kila nukta ya picha) mno, kinafuta nyuzi za karatasi pamoja na chembe, na kadibodi yako inageuka plastiki.

## SketchUp yenyewe, au na V-Ray

SketchUp, mali ya Trimble tangu 2012 baada ya kupita mikononi mwa Google, ndiyo lugha ya kwanza ya wanafunzi wengi wa usanifu, na ina toleo la bure linalofunguka kwenye kivinjari. Peke yake hairendi kwa maana ya kufuatilia miale. Ina kivuli cha jua kinachofuata mahali, tarehe na saa, na tangu toleo la 2024 la kompyuta imepata ule weusi laini unaojikusanya kwenye pembe za ndani. Kwa mashine dhaifu hiki si kitu kidogo.

Anza kwa kuzima mistari minene ya kingo, kwa sababu inaifanya picha iwe mchoro wa kalamu. Panga jua la saa tatu na nusu, weka tekscha ya karatasi, toa picha. Halafu ipo mbinu moja ya kupata fokasi bila programu ya kurenda. Kwenye kamera ile ile, bila kuisogeza, zima vivuli, mistari na tekscha, nyuso zote ziwe nyeupe, kisha washa ukungu wa SketchUp (Fog) na uupe rangi nyeusi. Sogeza vitelezi vya ukungu hadi baraza libaki jeupe na ua wa nyuma uwe mweusi, na toa picha ya pili. Sasa una ramani ya umbali. Kwenye GIMP au Photopea, programu za bure za kuhariri picha, tengeneza nakala ya picha ya kwanza, itie ukungu wa lenzi, na uiwekee ile ramani, ikiwa imegeuzwa nyeusi kwa nyeupe, kama maski inayoamua ukungu uonekane wapi. Vya mbali vinafifia, vya karibu vinabaki kali. Matokeo hayalingani na Cycles, lakini kwa wasilisho la studio yanapita vizuri sana, na yanawezekana kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8.

Kinachobaki kuwa udhaifu ni kivuli. Kivuli cha SketchUp kina ukingo mkali kila mahali, kwa hiyo picha yako itakuwa modeli iliyo nje juani na kamwe haitakuwa modeli ya studio. Ukiongeza V-Ray, programu ya kurenda ya kampuni ya Chaos, mambo yanabadilika kabisa. Unapata taa pana, kamera kamili, materiali ya pande mbili inayofaa kwa karatasi inayopenyeza nuru, na tekscha ya kulainisha kingo inayofanya kazi sawa na nodi ya Blender. Kwa ubora wa picha, V-Ray na Cycles zinalingana kiasi kwamba mtazamaji hatazitofautisha. Tofauti iko mfukoni: V-Ray inalipiwa kwa usajili, juu ya usajili wa SketchUp, ingawa Chaos wana leseni za masomo. Kama ofisi yako tayari inazo zote mbili, huna sababu ya kuhamia Blender kwa ajili ya picha hizi.

## Enscape na wenzake wa papo kwa papo

Enscape, inayorenda papo hapo unapochora, inaingia moja kwa moja ndani ya programu za kuchorea SketchUp, Revit, Rhino, Archicad na Vectorworks, na tangu 2022 iko nyumba moja na V-Ray. Ina kitu ambacho wengine hawakifikirii: kwenye mipangilio yake ya mwonekano kuna hali ya nyeupe, na kuna hali nyingine iitwayo Polystyrol, iliyotengenezwa mahususi kuiga modeli ya povu jeupe. Ina kitelezi cha kuamua nuru ipenye kiasi gani. Unachagua, unasogeza, umemaliza. Fokasi nayo ni kitelezi.

Kwa kikao na mteja haina mpinzani. Nyumba yetu ya vyumba sita ikiwa mbele ya mzee na wanawe watatu, mmoja akauliza ghorofa mpya itaufunika ua saa kumi jioni, unasogeza jua pale pale na wote wanaona. Blender itakuambia usubiri.

Ila kingo zinabaki kali kama ulivyozichora, na jengo zima linakuwa nyenzo moja. Ule mshono wa kona utauona tu kama umeujenga mwenyewe ndani ya SketchUp au Revit. Nimeshaona ofisi zikilainisha kingo za kila kitu ndani ya Revit ili Enscape izione. Ni kazi kubwa inayolifanya faili kuwa zito, na siishauri. Tumia Enscape kwa kuonyesha, na kwa picha ya kuchapa tafuta njia nyingine.

Twinmotion ya kampuni ya Epic, nayo ya kurenda papo kwa papo, ni bure kwa mtu au kampuni yenye mapato yasiyofikia dola milioni 1 kwa mwaka, jambo ambalo kwa ofisi zetu nyingi linamaliza mjadala wa leseni kihalali. Ina hali ya udongo mweupe na ina injini ya kufuatilia miale, ila hiyo ya pili inadai kadi ya grafiki ya kisasa, na upakuaji wake ni wa GB nyingi. Kwa modeli ya plasta nyeupe ni nzuri. Kwa kadibodi na balsa imenichosha.

| Njia | Leseni | Mashine | Kingo na mshono | Muda wa picha |
|---|---|---|---|---|
| Blender (Cycles) | Bure | Prosesa inatosha, kadi ya grafiki inaharakisha | Bora kabisa | Dakika hadi saa |
| SketchUp na GIMP | Bure au usajili | Hata dhaifu | Hafifu | Kazi ya mkono |
| SketchUp na V-Ray | Usajili mbili | Ya kati kwenda juu | Bora kabisa | Dakika hadi saa |
| Enscape | Usajili | Kadi ya grafiki lazima | Kama ulivyochora | Sekunde |
| Twinmotion | Bure chini ya dola milioni 1 | Kadi ya grafiki ya kisasa | Kama ulivyochora | Sekunde hadi dakika |

## Akili mnemba

Siku hizi unaweza kuipa programu ya akili mnemba picha ya skrini na kuiambia iigeuze modeli ya kadibodi. Inarudi na kitu kizuri, chenye nyuzi, gundi na vivuli laini. Hesabu madirisha. Hesabu nguzo za baraza. Mara nyingi yamepungua au yameongezeka, na mlango wa uani umehama. Kwa kutafuta hisia ya nyenzo mwanzoni mwa mradi, nakubali. Kwa picha ambayo mteja ataitumia kuamua, nakataa kabisa, kwa sababu anaamua juu ya nyumba ambayo hujaichora.

## Wembe na gundi

Kuna pahala renda haifiki. Modeli halisi inazungushwa, inainamiwa, paa linafunuliwa, na mtu asiyewahi kusoma ramani anaonyesha kwa kidole chumba anachotaka kulala. Msanifu majengo Christopher Wren alipotaka Mfalme Charles II auelewe mpango wake wa kanisa la St Paul's jijini London, alitengenezewa modeli ya mwaloni na plasta mnamo 1673 na 1674, kwa skeli inayokaribia 1:25, yenye urefu wa zaidi ya mita 6. Ndani yake ilipambwa pia, ili macho yaweze kuingia na kutazama kama mtu aliyesimama sakafuni. Mpango ule haukujengwa, lakini modeli ipo hadi leo ndani ya kanisa lenyewe. Ukiwa na renda, uiige tabia hiyo: pamoja na picha ya kutoka juu, toa moja ya kamera iliyoshushwa hadi kimo cha mtu aliyesimama ukumbini, sentimita 1.6 kwa skeli yetu.

Gharama ya modeli halisi ni muda, na pwani unyevu unazipinda kadibodi nyembamba ukiziacha wiki chache bila fremu. Ikibidi kuibeba kwenye daladala, jenga juu ya ubao mnene.

## Ningechagua nini

Mwanafunzi mwenye laptopu ya kawaida: chora kwenye SketchUp, tumia mbinu ya ukungu mweusi kwa mawasilisho ya katikati ya muhula, na anza kujifunza Cycles polepole kwa ajili ya mradi wa mwisho. Usihangaike na programu zilizovunjwa leseni. Zinakuja na virusi na zinakufa usiku wa kuamkia wasilisho.

Ofisi yenye vikao vingi vya wateja na leseni za Revit: Enscape kwa hali ya Polystyrol, halafu mtu mmoja ofisini awe bingwa wa V-Ray au Blender kwa mabango na mashindano. Tukiwa kwenye mashindano, soma masharti. Wakiomba picha ya modeli wanataka modeli iliyokatwa, na renda yenye sura ya modeli iandikwe wazi chini yake kuwa ni picha ya kompyuta. Waamuzi wanapima pia kama jengo linasimama na kama mwandishi wake amelishika mikononi.

Anayefanya kazi peke yake na hana bajeti: Blender na kadibodi ya kijivu, f/11 hadi f/16 kwa jengo lililopunguzwa mara 100, taa moja ubavuni, hakuna watu, miti ya vijiti vikavu. Huhitaji zaidi ya hapo.

Na kwa ile nyumba ya vyumba sita, kwa kuwa kila ukuta umeshakuwa bodi yake ya milimita 2, faili la renda ndilo faili la kukatia. Laza vipande chini kimoja kimoja, chapisha kwa skeli ya 1:100 kwenye karatasi za A4, zibandike juu ya kadibodi kwa gundi isiyoshika sana, na ukate kwa rula ya chuma. Fungua madirisha kabla hujakata mzunguko wa nje wa ukuta, la sivyo vipande vyembamba vitachanika.